Kadi za michoro za Intel: Aliyechelewa sokoni ana nafasi gani?

KAMPUNI ya Intel ya Marekani, ambayo kwa miongo kadhaa imekuwa jina la kwanza kutajwa kila zinapozungumzwa prosesa za kompyuta, iliingia Oktoba 12, 2022 katika uwanja ambao wenyeji wake walikwisha kugawana. Siku hiyo zilianza kuuzwa kadi zake mbili za michoro, Arc A770 na Arc A750, zikiwa zimechelewa kwa miezi mingi kuliko ilivyoahidiwa. Siku hiyo hiyo mpinzani wake mkubwa, kampuni ya Nvidia, alianza kuuza GeForce RTX 4090, kadi ya dola 1,599 za Marekani ambayo hakuna kadi nyingine ya michezo iliyoweza kuifikia kwa kasi. Hivyo mgeni alibisha hodi wakati wenye nyumba wakiwa katika sherehe yao.

Kwa msomaji asiyejishughulisha sana na mambo haya, kadi ya michoro ni kifaa kinachopachikwa ndani ya kompyuta ili kufanya hesabu zinazozalisha picha tunazoziona katika skrini. Bila kadi ya aina hiyo, michezo mipya ya kompyuta, uhariri wa video na usanifu wa majengo huenda kwa kusuasua. Ni biashara ya mabilioni ya dola, na kwa takriban miaka 20 imekuwa mikononi mwa kampuni mbili tu: Nvidia na AMD, ambayo iliinunua kampuni ya ATI ya Canada mwaka 2006.

Wahenga walisema chelewa chelewa utamkuta mwana si wako. Lakini wahenga hao hao walisema pia kawia ufike. Swali linalostahili kuchambuliwa ni je, ni msemo upi kati ya hii miwili unaoihusu Intel? Jibu lake lina uzito kwa mnunuzi wa kawaida kuliko linavyoonekana, kwa kuwa ndilo litakaloamua kama soko la kadi za bei nafuu litaendelea kuwa na ushindani wa kweli au la.

Ratiba iliyoteleza

Ikumbukwe kuwa hii si mara ya kwanza kwa Intel kujaribu. Mwaka 1998 ilitoa kadi ya i740, iliyobuniwa kwa kushirikiana na kampuni ya Real3D. Haikudumu, na mwaka uliofuata Intel ilijitoa katika biashara ya kadi hizo. Mara ya pili ilikuwa mradi wa Larrabee, uliotangazwa mwaka 2008 kwa vishindo vikubwa. Desemba 2009 Intel ilieleza kuwa chipu ya kwanza ya mradi huo isingeuzwa kwa wateja wa kawaida, na katikati ya mwaka 2010 ikathibitisha kuwa mpango wa kadi za michoro umewekwa kando.

Jaribio la tatu lilianza Novemba 2017, Intel ilipomchukua Raja Koduri, aliyekuwa akiongoza kitengo cha michoro cha AMD. Juni 2018 kampuni ikatangaza kuwa chipu yake ya kwanza ya kujitegemea ingetoka mwaka 2020. Ilitoka kweli, lakini ilikuwa chipu ndogo ya kompyuta mpakato ambayo haikumtisha mtu. Agosti 2021 likatangazwa jina la Arc, na ahadi ikawa kwamba kadi zenyewe zingefika katika robo ya kwanza ya mwaka 2022.

Robo hiyo ilipokwisha, kilichokuwa kimefika ni chipu za daraja la chini kwa ajili ya kompyuta mpakato, nazo zilianza kuonekana katika masoko machache tu. Kadi ya kwanza ya kompyuta za mezani, Arc A380, ilianzia China Juni 2022. Kadi kubwa zilizokuwa zikisubiriwa ndizo hizo zilizofika Oktoba. Kwa kalenda ya kawaida hiyo ni miezi saba au minane, lakini katika biashara ambayo bidhaa hutawala kwa takriban miaka miwili kabla ya kupitwa, miezi minane ni theluthi ya uhai wake.

Msimu uliopita

Gharama ya kuchelewa huko haiwezi kueleweka bila kukumbuka hali ya soko katika mwaka 2021. Wakati huo dunia ilikuwa na uhaba mkubwa wa chipu. Watu waliokuwa wamefungiwa majumbani kwa sababu ya ugonjwa wa UVIKO-19 walinunua kompyuta kwa wingi. Aidha, wachimbaji wa sarafu za kidijitali, hususan Ethereum, walikuwa wakizikusanya kadi za michoro kwa makontena, kwa kuwa ndizo zilizokuwa zikifanya hesabu za kuzalisha sarafu hiyo. Kadi ya GeForce RTX 3060, iliyopangiwa bei ya dola 329 ilipotoka Februari 2021, ilikuwa nadra kupatikana kwa bei hiyo, na walanguzi walifaidi.

Katika soko la namna hiyo karibu kila kadi ilipata mnunuzi. Kama Arc ingefika mwaka 2021, hata ikiwa na kasoro zake, isingekaa dukani. Wateja wangevumilia mengi kwa sababu hawakuwa na mbadala.

Hata hivyo, kufikia katikati ya mwaka 2022 mambo yalikuwa yamegeuka. Bei za sarafu za kidijitali ziliporomoka, na Septemba 15, 2022 mtandao wa Ethereum ukabadili mfumo wake na kuacha kabisa kuhitaji kadi za michoro. Maghala yalijaa. Mapato ya Nvidia kutokana na michezo yalishuka kwa asilimia 33 katika robo ya mwaka iliyoishia Julai 2022, yakilinganishwa na kipindi kama hicho mwaka uliotangulia. Wauzaji walianza kupunguza bei, na kadi zilizokwisha kutumiwa na wachimbaji zikamwagika sokoni kama mitumba. Huo ndio wakati ambao Intel ilileta bidhaa yake. Ilikosa mavuno, ikaja shambani kipindi cha kiangazi.

Waliochelewa kabla yake

Historia ya biashara hii inayo mifano miwili inayofaa kuangaliwa, kwa sababu kila mmoja ulihusu kadi iliyochelewa kwa takriban miezi sita baada ya ile ya mpinzani.

Mfano wa kwanza ni wa AMD. Novemba 8, 2006 Nvidia ilitoa GeForce 8800 GTX, kadi iliyokuwa mbali kimaendeleo kuliko zilizoitangulia. AMD, iliyokuwa imetoka tu kukamilisha ununuzi wa ATI kwa takriban dola bilioni 5.4, ilikuwa na jibu lililojulikana kwa jina la R600. Jibu hilo liliahirishwa mara kadhaa na kufika Mei 14, 2007 kama Radeon HD 2900 XT. Kwenye karatasi ilikuwa kadi ya kutisha: ilikuwa na njia ya kumbukumbu yenye upana wa biti 512, wakati ya Nvidia ilikuwa na biti 384. Lakini ilikula umeme mwingi, ilipiga kelele, na kasi yake ilishuka pale mchezaji alipowasha kipengele cha kulainisha kingo za picha. AMD yenyewe iliipangia bei ya dola 399, chini sana ya dola 599 zilizokuwa zimepangwa kwa 8800 GTX, jambo lililoonyesha kuwa haikukusudia kushindana na kadi ya juu kabisa.

Wengi waliiona AMD imekwisha, hasa ilipotangaza hasara ya zaidi ya dola bilioni 3 kwa mwaka huo wa 2007. Lakini kampuni hiyo haikuondoka uwanjani. Miezi sita baadaye, Novemba 2007, ilitoa Radeon HD 3870, yenye uwezo uliokaribiana na wa HD 2900 XT, ikiwa na chipu ndogo zaidi, ikitumia umeme kidogo zaidi, kwa dola 219. Juni 2008 ikafuata Radeon HD 4870 kwa dola 299. Kadi hiyo ilikuwa na nguvu kiasi kwamba Nvidia, ambayo ilikuwa imetoa GTX 280 kwa dola 649 na GTX 260 kwa dola 399 mwezi huo huo, ililazimika ndani ya wiki chache kuzishusha hadi takriban dola 499 na 299. Aliyenufaika hapo ni mnunuzi, hata yule aliyeamua kubaki na Nvidia.

Mfano wa pili ni wa Nvidia yenyewe. Septemba 23, 2009 AMD ilitoa Radeon HD 5870. Jibu la Nvidia, GTX 480 iliyojengwa kwa usanifu wa Fermi, lilifika Machi 26, 2010. Chipu yake ilikuwa na transista bilioni 3 na ilikuwa ngumu kutengenezwa, kiasi kwamba kati ya viini 512 vilivyobuniwa, kadi iliyouzwa iliwashwa 480 tu. Ilikuwa na kasi kuliko ya mpinzani, lakini ilikuwa na joto kali na ilikadiriwa kutumia wati 250 dhidi ya 188. Nayo pia ilifanyiwa dhihaka. Novemba 2010 Nvidia ikatoa GTX 580, yenye viini vyote 512 na mfumo bora wa kupoza, na dhihaka zikaisha.

Funzo la mifano hii ni kwamba kuchelewa peke yake hakukuziua kampuni hizo. Kadi iliyochelewa huuzwa kwa bei inayoilazimu, huleta hasara au faida ndogo, na husahaulika. Kinachoamua hatima ya kampuni ni kadi inayofuata: je, itakuja mapema, na itakuwa imerekebisha kile kilichoifanya ya kwanza ichekwe? AMD mwaka 2007 na Nvidia mwaka 2010 zote zilijibu ndani ya miezi isiyozidi minane.

Chipu kubwa, bei ndogo

Tukirudi kwa Intel, tatizo lake la kwanza mwaka 2022 lilikuwa la hesabu za kiwandani. Chipu ya A770 ina ukubwa wa milimita za mraba 406 na transista bilioni 21.7, na hutengenezwa na kampuni ya TSMC ya Taiwan, si katika viwanda vya Intel yenyewe. Kwa ukubwa huo, ilikuwa ikilingana na chipu ya RTX 3070 ya Nvidia, yenye milimita za mraba 392, ambayo kadi yake ilipangiwa dola 499 ilipotoka Oktoba 2020. Lakini katika majaribio A770 haikuifikia RTX 3070 katika michezo mingi. Mshindani wake halisi alikuwa RTX 3060, yenye chipu ya milimita za mraba 276. Ndiyo maana Intel ilipanga bei ya kuanzia dola 329 kwa A770 na dola 289 kwa A750.

Kwa lugha ya sokoni, Intel ilikuwa ikichinja ng'ombe na kumuuza kwa bei ya mbuzi. Chipu hukatwa kutoka katika bamba la duara la silikoni, na kadiri kila chipu inavyokuwa kubwa ndivyo zinavyopungua zinazopatikana katika bamba moja. Kampuni inayohitaji silikoni nyingi zaidi kufanya kazi ile ile hubaki na faida finyu kwa kila kadi, kama ipo. Mnunuzi hufurahia, lakini mhasibu wa kampuni hukuna kichwa, na ni wahasibu wanaoandika barua za kufunga miradi.

Ugonjwa wa draiva

Tatizo la pili lilikuwa la programu. Kadi ya michoro haiwezi kuzungumza na mchezo bila programu endeshi, au draiva kama mafundi wanavyoiita. Nvidia na AMD zimekuwa zikiandika draiva hizo kwa zaidi ya miongo miwili, zikirekebisha mchezo mmoja baada ya mwingine. Mgeni hana akiba hiyo. Intel ilikuwa na draiva za chipu ndogo zilizomo ndani ya prosesa zake, lakini ilibainika kuwa hazikutosha kwa kadi kubwa.

Matokeo yake yalikuwa ya ajabu kidogo. Katika michezo mipya Arc ilifanya vizuri, wakati mwingine kuishinda RTX 3060. Katika michezo ya zamani iliyoandikwa kwa mfumo wa DirectX 9, ambayo bado ilikuwa na wachezaji wengi sana, kadi hiyo hiyo ilichechemea, kwa sababu Intel haikuwa na draiva ya moja kwa moja ya mfumo huo na ilitegemea tafsiri iliyopitia mfumo mwingine. Aidha, kadi hizo zilitumia umeme mwingi kuliko za wapinzani hata pale kompyuta ilipokuwa imetulia bila kazi.

Hapa ndipo Intel inapostahili sifa. Badala ya kuficha tatizo, ilianza kutoa draiva mpya mara kwa mara. Februari 2023 ilitangaza kuwa imebadili namna ya kuendesha michezo ya DirectX 9, na kwa mujibu wa takwimu zake yenyewe kasi katika michezo hiyo ilikuwa imepanda kwa wastani wa asilimia 43 tangu kadi zilipotoka. Wakati huo huo bei ya A750 ikashushwa hadi dola 249. Kadi ambayo Oktoba ilionekana kuwa ya kubahatisha ilianza kuwa chaguo la busara kwa mwenye fedha kidogo na uvumilivu kiasi.

Lakini ndani ya kampuni upepo ulikuwa ukivuma kwingine. Desemba 2022 kitengo cha michoro kilivunjwa na kugawanywa katika vitengo vingine viwili, na Machi 2023 Raja Koduri akaondoka. Wachambuzi wengi walianza kuikumbuka i740 na Larrabee.

Kadi ya pili

Kwa kipimo tulichokitaja cha AMD na Nvidia, Intel ilipaswa kuja na kadi ya pili kabla ya kwisha kwa mwaka 2023. Haikuja. Nvidia ilitoa RTX 4060 kwa dola 299 na AMD ikatoa Radeon RX 7600 kwa dola 269, zote katikati ya mwaka 2023, zote zikiwa na kumbukumbu ya gigabaiti 8. Intel haikutoa kadi ya mezani ya kizazi kipya hadi Desemba 2024, ilipotoa Arc B580.

Pamoja na kuchelewa, B580 ilikuwa kadi tofauti kabisa na ile iliyoitangulia. Bei yake ilikuwa dola 249, ikiwa na kumbukumbu ya gigabaiti 12, yaani mara moja na nusu ya ile ya wapinzani wake waliouzwa kwa bei ya juu zaidi. Wakaguzi wengi waliisifu, na katika maduka ya Marekani shehena za mwanzo ziliisha upesi. Wenye kuhitaji walilazimika kulipa zaidi ya bei iliyotangazwa. Kwa mara ya kwanza katika miaka mingi, kadi iliyozungumzwa zaidi katika daraja la chini haikuwa ya Nvidia wala AMD.

Hata hivyo, kasoro mbili zilibaki. Ya kwanza ni ile ile ya ng'ombe na mbuzi. Chipu ya B580 ina milimita za mraba 272, wakati ile ya RTX 4060 ina 159 tu. Ya pili iligunduliwa Januari 2025: kadi hiyo ikifungwa katika kompyuta yenye prosesa ya zamani au dhaifu, kasi yake hushuka kuliko inavyoshuka kwa kadi za wapinzani, kwa kuwa draiva yake huitwisha prosesa mzigo mkubwa. Ni kasoro inayowaumiza zaidi wale wale ambao kadi ya bei nafuu ilikusudiwa kuwasaidia.

Si hivyo tu. Desemba 2, 2024, siku moja kabla ya B580 kutangazwa, Intel ilitangaza kuondoka kwa Mtendaji Mkuu wake, Pat Gelsinger, ambaye ndiye aliyezisimamia kadi za Arc tangu kutangazwa kwake. Mwaka huo kampuni ilipata hasara ya takriban dola bilioni 18.8. Nafasi yake ilichukuliwa Machi 2025 na Lip-Bu Tan, aliyekuja na agizo la kubana matumizi.

Mnunuzi wa Kariakoo na Luthuli

Je, mambo haya yanamhusu vipi kijana wa Dar es Salaam mwenye studio ndogo ya kuhariri video za harusi, au mwanafunzi wa usanifu majengo jijini Nairobi? Yanamhusu moja kwa moja, kwa njia mbili.

Kwanza ni bei. Kadi hizi hununuliwa nje kwa dola, na juu yake huongezwa usafiri, faida ya muuzaji na kodi ya ongezeko la thamani, ambayo ni asilimia 18 Tanzania Bara na asilimia 16 Kenya. Tofauti ya dola 50 katika bei ya kiwandani hukua kila inapopita mkono mmoja kwenda mwingine hadi kufika dukani Kariakoo au Barabara ya Luthuli. Ushindani katika daraja la dola 250 ndio unaoamua kama mtu wa kipato cha kati ataweza kununua kadi mpya au atabaki kutafuta iliyotumika, ambayo haijulikani ilifanyishwa kazi gani na mwenyewe wa kwanza.

Pili ni kompyuta yenyewe. Wengi wetu hutumia kompyuta za mezani zilizokwisha kazi maofisini Ulaya au katika nchi za Ghuba na kuletwa huku zikiwa na umri wa miaka sita, saba au zaidi. Kadi za Arc zinahitaji kipengele kinachoitwa Resizable BAR, kinachoiruhusu prosesa kuifikia kumbukumbu yote ya kadi kwa mkupuo. Kikikosekana, kasi hushuka vibaya. Intel yenyewe inashauri kutumia prosesa zake za kizazi cha 10, kilichotoka kwa kompyuta za mezani mwaka 2020, au za baada ya hapo. Ukiongeza na ile kasoro ya mzigo kwa prosesa dhaifu, inaonekana wazi kuwa kadi hii nafuu inaweza kugeuka ghali kwa mtu anayelazimika kubadili na kompyuta nzima. Anayetaka kuinunua na aanze kwa kumuuliza fundi mambo mawili: prosesa yangu ni ya kizazi gani, na je, kifaa cha kugawa umeme ndani ya kompyuta hii kinaweza kubeba kadi ya wati 190? Majibu yake yana thamani kuliko bei iliyobandikwa kwenye boksi.

Mustakabali

Takwimu za kampuni ya utafiti ya Jon Peddie Research za robo ya pili ya mwaka 2025 zilionyesha kuwa Nvidia ilishika asilimia 94 ya kadi za michoro za kompyuta za mezani zilizosafirishwa, AMD asilimia 6, na Intel haikufika hata asilimia moja. Kwa maneno mengine, sifa za wakaguzi hazikugeuka kuwa mauzo makubwa. Wapinzani nao hawakulala. Mwaka 2025 Nvidia ilileta RTX 5060 kwa dola 299 na RTX 5050 kwa dola 249, na AMD ikaleta Radeon RX 9060 XT kuanzia dola 299.

Kisha Septemba 18, 2025 ikaja habari iliyowashangaza wengi: Nvidia ilitangaza kuwekeza dola bilioni 5 katika Intel, na kampuni hizo mbili zikakubaliana kutengeneza prosesa za Intel zenye chipu za michoro za Nvidia ndani yake. Intel ilisema itaendelea kuwa na bidhaa zake za michoro. Lakini ni dhahiri kuwa kampuni inayomkaribisha mshindani wake sebuleni na kupokea fedha zake hupungukiwa na sababu ya kupigana naye uwanjani.

Wingu jingine ni bei ya chipu za kumbukumbu, ambayo ilipanda kwa kasi mwishoni mwa mwaka 2025 kutokana na mahitaji ya vituo vya data vya akili mnemba. Desemba mwaka huo kampuni ya Micron ilitangaza kuachana na biashara yake ya Crucial iliyokuwa ikiuza kumbukumbu kwa watumiaji wa kawaida. Silaha kuu ya B580 ilikuwa kumbukumbu nyingi kwa fedha kidogo. Kumbukumbu ikiwa ghali, silaha hiyo hupoteza makali, na kampuni yenye faida finyu ndiyo huumia mapema.

Zipo pia sababu za matumaini. Usanifu wa michoro unaotumika katika B580 ulitangulia kutumika katika prosesa za kompyuta mpakato ambazo Intel ilizitoa Septemba 2024, na draiva zake ni za ukoo mmoja. Kwa kuwa Intel huuza prosesa hizo kwa mamilioni, haiwezi kuacha kuzihudumia draiva hizo. Kazi iliyofanyika tangu mwaka 2022 haitapotea hata kama kadi za mezani zitapungua.  Aidha, Nvidia sasa hupata sehemu kubwa ya fedha zake kwingine: katika mwaka wake wa fedha ulioishia Januari 2025, vituo vya data viliiletea dola bilioni 115 kati ya mapato ya dola bilioni 130.5. Kampuni ya namna hiyo haina haraka ya kumbembeleza mteja wa dola 250, na pengo hilo ndilo nafasi ya Intel.

Kwa hiyo, kati ya misemo ile miwili, tunaweza kusema kuwa mwaka 2022 Intel ilimkuta mwana si wake: msimu wa mavuno ulikuwa umepita na kadi yake haikuwa tayari. Mwaka 2024 ilikawia tena, lakini ilifika ikiwa na bidhaa inayostahili kununuliwa. Kinachosalia ni kadi ya tatu. AMD ilikomboa jina lake kwa sababu HD 2900 XT ilifuatwa na HD 3870, na HD 3870 ikafuatwa na HD 4870, bila kampuni kutafuta mlango wa kutokea. Intel ilishautumia mlango huo mara mbili, mwaka 1999 na mwaka 2010, na mara ya kwanza wateja ndio walioachwa na kadi isiyo na mwenyewe.

Ikiutumia kwa mara ya tatu, haitapoteza sana, kwa kuwa asilimia moja ya soko si mali ya kulilia. Atakayepoteza ni mnunuzi wa daraja la chini, ambaye atabaki na wauzaji wawili, mmoja akiwa na sehemu zaidi ya tisa kwa kumi za soko. Muuzaji wa aina hiyo hahitaji kuchelewa wala kuwahi, kwa maana mteja atamsubiri tu.